Nani aliwaambia riwaya ilikuwa imekufa?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka 26 bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Nilinyamaza mlipoupunguza ukurasa wa vitabu ukawa nusu ukurasa, nikanyamaza nusu hiyo ilipogeuka safu moja nyembamba kando ya nyota za wiki. Lakini ile makala ya burudani, ile yenye picha ya mwigizaji aliyelowa mvua, imenishinda. Mwandishi wenu anasema ladha ya wasomaji wa riwaya pendwa imebadilika. Hilo sina ugomvi nalo. Halafu, aya ya nne kama mnaikumbuka, anasema filamu "inaifufua" riwaya. Inaifufua! Anayefufuliwa ni maiti, Mhariri. Riwaya aliyoitaja ilikuwa mezani kwangu asubuhi ile ile, imelala kifudifudi, na haikuwa na dalili yoyote ya kukata roho.

Mimi ni mkutubi mstaafu. Nimekaa nyuma ya meza ya kuazimia muda wa kutosha kuona ladha zikija na kuondoka, kwa hiyo asinihubirie. Nilipoanza kazi, riwaya za makauboi zilikuwa zimesomwa hadi migongo imebanduka, nikawa nazigundisha mwenyewe. Zikapoa, wakaingia majasusi. Vita Baridi ilipokwisha majasusi nao wakaanza kula vumbi, rafu ikachukuliwa na mawakili, kisha na wanyonya damu wenye mahaba. Miaka yangu ya mwisho pale kijana alikuwa haulizi tena jina la kitabu wala la mwandishi, anauliza viungo: "Mna ya maadui wanaokuja kupendana, halafu kuna majoka?" Ninayo, chukua. Aliirudisha kwa siku 2, macho mekundu kwa kukesha. Nani amcheke? Hata zile riwaya za majuzuu 3 zilizotamba Uingereza karne ya 19 zilizimika miaka ya 1890, maktaba za kuazimisha zilipochoka kuzinunua. Zilikuja nyingine, watu wakasoma. Ladha ikibadilika msomaji huhama rafu, basi.

Sasa niwaambie yaliyonipata. Riwaya yenyewe siitaji, maana waliotengeneza filamu wana mawakili na mimi nina pensheni. Ni hadithi ya mlinzi wa mnara wa taa, mzee asiye na maneno mengi, ambaye mdogo wake aliingia baharini usiku mmoja na hakurudi. Nilimsomea mjukuu wangu wa miaka 10, sura moja kila usiku. Sura ya 14 haina tukio lolote. Mzee anafuta vioo vya taa kwa kitambaa, kimoja kimoja, na huku anafuta anaitunga kichwani barua ya kumpelekea shemeji yake, mke wa yule marehemu, kumkiria kwamba usiku ule taa ilizimika kwa sababu yeye alikuwa amelala. Anafika kioo cha mwisho. Barua imekwisha, kila neno lipo mahali pake. Anakunja kitambaa na haiandiki. Mjukuu wangu, ambaye jioni hiyo alikuwa ameniomba niiruke sura hiyo kwa vile haina mapigano, alikaa kimya, kisha akasema, "Isome tena pale pa kioo cha mwisho." Basi filamu ilipotoka tukaenda, yeye kavaa viatu vya sikukuu. Vile vioo vikapita kwa sekunde 4, nilihesabu, muziki ukilia kana kwamba kuna mazishi ya mfalme. Barua haikuwepo. Badala yake likatokea genge la wafanya magendo, ambalo kwenye kitabu halipo, likapanda mnarani na kuizima taa kwa makusudi, na mzee wa watu akawa hana kosa lolote. Akarukia mashua kuwafukuza. Kukawa na helikopta! Hadithi inatokea zama za taa za mafuta, Mhariri, na kukawa na helikopta. Mtoto akanivuta mkono gizani: "Bibi, kumbe hakulala?" Nikamwambia, "Alilala." Bwana wa kiti cha nyuma akanisonya na kunitaka nifunge mdomo, wengine wanatazama. Nikaufunga. Tulipotoka nje mjukuu wangu alitembea kitambo bila kusema, halafu akanifariji, yeye mimi: "Labda sehemu ya pili watasema alilala."

Msinijibu kwamba filamu si kitabu. Nalijua hilo tangu kabla mwandishi wenu hajaota meno. Kukata si kosa. The Godfather ya Mario Puzo, ya mwaka 1969, ilipofika kwenye skrini mwaka 1972 iliacha kurasa tele za yule mwimbaji na mikasa yake ya Hollywood, na sijaona mtu aliyezililia; Puzo mwenyewe alishiriki kuandika mswada wa filamu. Kuvuta ndiko kunakochosha zaidi: The Hobbit, kitabu kimoja cha watoto cha mwaka 1937, kilikamuliwa hadi kikatoa filamu 3. Lakini hata hilo nalisamehe. Nisichokisamehe ni kumwosha mhusika. Rebecca ya Daphne du Maurier, ya mwaka 1938, ina mume aliyemuua mkewe. Kwenye filamu ya mwaka 1940 mke anakufa kwa ajali, kwa kuwa kanuni za udhibiti za Hollywood hazikuruhusu muuaji abaki bila adhabu. Pale angalau tunajua aliyeshika sabuni. Kiumbe cha Frankenstein, katika kitabu cha Mary Shelley cha mwaka 1818, kinasoma mashairi ya Milton na kujitetea kwa hoja zinazomfanya muumba wake ajikunyate. Filamu ya mwaka 1931 ilimnyang'anya ulimi ikamwachia kuguna, na hadi leo nusu ya watu wanadhani Frankenstein ni jina la zimwi, si la mwanafunzi aliyelitengeneza. Ursula Le Guin alimwandika shujaa wa riwaya zake za Earthsea akiwa na ngozi ya rangi ya shaba iliyoiva, televisheni ikamtoa mweupe, na mwaka 2004 mama wa watu ikabidi aandike hadharani kulalamika. Kanuni za udhibiti zilishakufa zamani. Ni nani basi aliyewaagiza kumtakasa mzee wangu wa mnarani? Hakuna. Walimtakasa kwa sababu waliona sisi tulio kwenye viti hatuwezi kumpenda mtu aliyesinzia. Mtoto wa miaka 10 aliweza, tena kwa kusomewa tu, kalala chali, blanketi hadi kidevuni.

Na kwa kuwa kalamu nimeshaishika, niseme na la majalada. Nakala mpya ya riwaya ile imetoka ikiwa na uso wa mwigizaji, kashika bastola. Kitabu kizima hakina bastola. Pembeni kuna duara jekundu linalotangaza kwamba sasa ni filamu kubwa. Nilidhani ni stika, nikajaribu kulibandua kwa ukucha. Si stika, limechapwa humo humo kwenye jalada! Nilikwaruza hadi karatasi ikatoa weupe. Sasa msomaji mpya atafika sura ya 14 akiwa na uso wa yule kijana kichwani, meno yote 32, wakati mwandishi alisema mlinzi ana mapengo. Waandishi nao wameshaisikia harufu ya kamera. Siku hizi nafungua riwaya nakuta sura za kurasa 3, kila moja inaishia mlango ukigongwa au simu ikiita, na hakuna mtu anayewaza jambo kwa zaidi ya mistari 2, maana mawazo hayapigiki picha. Nimesoma moja iliyokuwa na milango 41 iliyogongwa. Huko si kutunga riwaya, ni kuandika barua ya maombi ya kazi.

Dawa ninayo. Kabla filamu haijaanza, kabla ya jina la mwigizaji yeyote, yapite majina ya wahusika wote walioachwa kitabuni, herufi kubwa, bila muziki, kila jina sekunde 3. Waliobadilishiwa makosa yao wawekewe nyota. Yale maneno "imetokana na riwaya" nayo yapangwe kwa madaraja: la kwanza, "imetokana na riwaya", la pili, "imesimuliwa riwaya kwa simu", la tatu, "imeliona jalada". Ile tuliyoitazama sisi ingepata la tatu, kwa rufaa. Anayeona ninatania aende akaulize maktaba yoyote ni watu wangapi huja kuazima kitabu baada ya filamu, wakakirudisha wakinung'unika kwamba tumewapa kisicho chenyewe. Nimewahi kuoneshwa kidole na mama mmoja kwa kosa hilo, kana kwamba ile helikopta niliichomoa mimi.

Kuhusu mwandishi wenu wa burudani, sina kinyongo naye. Nakala yangu ya zamani nimeifunga ndani ya bahasha na kuiambatanisha na barua hii, nimuazime. Ina gundi mgongoni, aifungue taratibu, na asikunje kona za kurasa. Kwenye sura ya 14 kuna mstari wa penseli chini ya kioo cha mwisho. Ni wa mjukuu wangu, usifutwe. Siku 14, kama ilivyokuwa kwa kila mtu.

Mkutubi mstaafu