Kwa wajukuu zangu wa kijiwe cha bodaboda, Urambo

Wajukuu zangu,

Juzi asubuhi mliniamkia vizuri, mkanipisha kwenye benchi la mama ntilie, nikaagiza chai na chapati. Chai haijapoa, mmoja wenu akawasha sigara humo humo bandani. Mama akamwomba akavutie nje, kwa kuwa mtoto wake wa miezi minne alikuwa mgongoni. Akajibiwa: "Mama, mapafu yangu, hela yangu." Mkacheka wote. Mimi nikanyamaza, nikamaliza chai, nikaenda zangu. Kunyamaza kule kumeninyima usingizi, ndiyo maana nawaandikia.

Nilinyamaza kwa sababu sina uso wa kumkemea mtu kwa sigara. Nimevuta miaka 31. Na kulima nimelima. Waingereza walipokata tamaa na mradi wao wa karanga mwaka 1951, zao lililokuja kuishika ardhi hii ni tumbaku, na marobota niliyoyapeleka sokoni ndiyo yaliyowasomesha baadhi ya baba zenu. Mteuzi wa tumbaku sokoni akilipa jani lako daraja zuri, nyumbani kunapikwa wali. Sitawadanganya kwamba tulikuwa tunalia.

Lakini jani lile nalijua kuliko ninyi mnaolipata likiwa limefungwa kwenye karatasi. Tulikuwa tunavuna alfajiri, umande bado haujakauka, nguo zinalowa hadi kifuani. Ikifika saa nne mtu anaona kizunguzungu, anatapika, miguu inakosa nguvu. Tulidhani ni njaa, wengine wakasema malaria. Kumbe ni nikotini, inayeyuka kwenye maji ya jani na kupenya kwenye ngozi. Mwanangu wa pili alianguka kati ya matuta akiwa na miaka tisa, na hakuwa ameonja hata kipisi. Nilimbeba hadi kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto, nikamlaza kivulini, halafu (Mungu anisamehe) nikawasha sigara ili nitulie.

Sasa hilo neno lenu, kwamba kuvuta ni hiari yenu. Nalikubali nusu. Mtu mzima akiamua kuvuta nyuma ya nyumba yake, simfuati na fimbo, wala sipendi serikali imfuate. Ila nani kati yenu alianza akiwa mtu mzima? Mimi nilikuwa na miaka 15, usiku, tunalinda moto wa bani, mkubwa mmoja akanipa yake nivute mara mbili. Hapo labda nilichagua. Baada ya hapo sikumbuki kuchagua. Moshi ukishaingia mapafuni, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi hivi, na ubongo ukizoea unaanza kudai kama mwenye deni lake. Nimewahi kutembea kwenye mvua, saa tano usiku, mpaka dukani kutafuta sigara moja, na mke wangu anaumwa ndani. Hiari gani hiyo?

Na wanaouza walilijua hilo. Mwezi wa nne mwaka 1994, wakurugenzi saba wa kampuni kubwa za sigara za Marekani walikaa mbele ya kamati ya Bunge lao, wakasema kwa kiapo kwamba hawaamini nikotini inatia uraibu. Wakati huo kulikuwa na waraka wa ndani wa kampuni mojawapo, wa mwaka 1963, uliokuwa umeandika wazi kwamba inatia. Miaka 31, sawasawa na yangu ya kuvuta. Kwa hiyo ninyi mkisema "uamuzi wangu", mimi nasikia maneno ya mwenye duka.

Turudi kwa mama ntilie, maana yeye ndiye aliyetukanwa. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Japani, Hirayama, alitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 91,540 walioolewa, ambao wenyewe hawakuvuta sigara, kwa miaka 14. Wale ambao waume zao walivuta sana walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Walikuwa wanapika na kulala tu na waume zao. Huyu mama yumo kwenye banda lile tangu alfajiri mpaka jioni, na mtoto mgongoni anapumua haraka kuliko sisi. Wewe unavuta dakika tano unaondoka na abiria. Yeye anabaki.

Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2003 ipo, lakini sitawatishia polisi. Wala sitaki mvutaji afukuzwe kijiweni kama mbwa. Nami ningefukuzwa zamani. Niliamua kuacha siku niliposhindwa kumaliza ubeti mmoja kwenye kwaya, na nilirudia mara tatu kabla ya kuacha kweli. Anayetaka kujaribu aje nyumbani jioni, tutakaa, sitamhubiria.

Kuhusu banda, nimeshaongea na fundi. Jumamosi anatengeneza benchi la pili, litakaa chini ya mwembe ule wa upande wa barabara, ambako upepo hausukumi moshi kwa mama. Mbao nimenunua. Misumari na nguvu ni zenu. Na yule aliyejibu vile juzi, namjua, aanze kwa kwenda kumlipa mama ile chapati aliyoondoka bila kulipa.

Babu yenu