Kabla Hujaliacha Kundi Kabisa

Kayole, Nairobi
Jumapili usiku

Mwanaisha mpendwa,

Barua yako nimeipata, na habari kwamba umejitoa kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu wa Sayansi. Sikushangaa. Alfajiri mtu katuma dua, mchana mwingine anauza maazimio ya kazi, usiku wa manane kuna anayeuliza kama mshahara umeingia. Hata mimi nimelinyamazisha. Ila ngoja nikusimulie yaliyonipata mwezi jana.

Wajua mimi ni mtu wa Kiswahili na Historia. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023 nilitwishwa Sayansi Jumuishi kwa kukosekana mtu, na mzigo huo sijautua hadi leo. Basi tukafika kwenye asidi na besi, na wanafunzi watengeneze kwa mimea kiashiria, yaani kitu kinachobadili rangi kikikutana na asidi au besi. Litmasi, zile karatasi za dukani za kupimia, hatuna. Nikawatuma wachume bogenvilia kwenye ua wa shule. Tukaponda, tukachuja, ikatoka rangi ya kupendeza. Tukakamulia ndimu. Kimya. Tukaongeza. Kimya! Watoto 62 wananikodolea macho, mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, inabadilika saa ngapi?" Nikamwambia kesho.

Usiku nikaeleza yote kundini. Iliniuma kukiri mbele ya mamia ya walimu, kusema kweli. Wawili wakanicheka. Mwingine akanitumia andalio la somo la kurasa 14, nalo limeandikwa bogenvilia! Nikajua haya tunayonakiliana wengi wetu hatujawahi kuyajaribu.

Kisha mwalimu mmoja wa Kisii, simjui hata sura, akaleta ujumbe wa sauti. Rangi ya bogenvilia, alisema, ni ya aina nyingine kabisa na ile ya haibiskasi au kabeji ya zambarau. Ndimu haiishtui, besi kali ndiyo huigeuza manjano. Nikate kabeji, niimwagie maji moto. Mwishoni akaniuliza jambo ambalo hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza: "Ilipokataa kubadilika, watoto walidhani ni kwa nini?" Sikuwa nimewauliza.

Kesho yake kabeji ikatiwa ndimu, ikawa nyekundu. Ikatiwa maji ya majivu, ikawa kijani. Kelele zilimleta mwalimu wa darasa la pili mlangoni. Halafu nikairudisha ile bogenvilia mezani na kuwauliza swali la Kisii. Hapo ndipo somo lilipoanza.

Sasa tuko watano kwenye kikundi kidogo. Kila Alhamisi mmoja wetu analeta kipindi kilichomshinda. Maazimio ya kuuzwa hayaingii, wala picha za watoto. Kwenye lile kundi kubwa mtu alianika karatasi ya mtoto, jina na alama zote zikionekana, ilhali Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi. Na bando tunalinunua wenyewe, kwa hiyo video ndefu marufuku.

Nafasi ya sita ni yako, dada. Huko Msambweni kabeji ya zambarau sidhani utaipata, lakini haibiskasi nyekundu nakumbuka iko mlangoni kwa mama yako. Ponda petali, jaribu kwa ndimu na majivu, utuletee picha ya vikombe. Ikikataa, lete hivyo hivyo.

Msalimie mama.

Wako,
Wanjiru