Barua kutoka Osaka: kila mji wa Japani na anwani zake

Wapendwa Baba na Mama, shikamooni. Na ninyi wadogo zangu, hamjambo?

Mmeuliza miji ya huku inatofautianaje, maana kwenye picha yote ni maghorofa na mataa. Tazameni anwani zake.

Tokyo barabara nyingi hazina majina, na hata zenye majina hazitajwi kwenye anwani. Makao ya serikali ya mji yako Nishi-Shinjuku 2-8-1. Nishi-Shinjuku ni mtaa. 2 ni sehemu ya mtaa, huitwa chome. 8 ni kitalu, yaani kipande cha ardhi kilichozungukwa na njia. 1 ni jengo ndani ya kitalu. Kwao chenye namba ni ardhi, barabara ni uwazi tu uliobaki katikati. Mpangilio huu uliletwa na sheria ya mwaka 1962. Pale ambapo haujafika, namba bado zinafuata viwanja vya zamani vilivyokatwakatwa, kwa hiyo 14 yaweza kupakana na 31. Hapo kuhesabu nyumba kwa miguu ni kujitesa, fungueni ramani ya simu.

Kyoto ni kinyume chake. Ulifanywa mji mkuu wa nchi mwaka 794, barabara zikapigwa mistari iliyonyooka, na majina yake ndiyo yanayoongoza. Ofisi ya jiji iko “Teramachi Oike agaru”: simama Teramachi inapokatana na Oike, kisha panda. Hakuna mlima hapo. Kupanda ni kwenda kaskazini, upande wa ikulu ya zamani. Sagaru, kushuka, ni kusini. Anwani nzima inasomeka kama mtu anayekuelekeza njia kwa mdomo.

Sapporo, uliopimwa kuanzia 1869, ni hesabu tupu. Bustani ndefu ya Odori inatenga kaskazini na kusini, mto Sosei unatenga mashariki na magharibi. Ofisi ya jiji: Kaskazini 1, Magharibi 2, yaani kitalu cha kwanza kaskazini ya bustani, cha pili magharibi ya mto. Kupotea Sapporo kunataka bidii.

Hapa Osaka, barabara yenye “suji” mwishoni kwa kawaida inakwenda kaskazini-kusini, kama Midosuji. Na kwenye ngazi za umeme watu husimama kulia. Tokyo husimama kushoto. Nagoya wamemaliza ubishi: tangu Oktoba 2023 kanuni ya jiji inataka kila mtu asimame tuli.

Aliyeuliza habari za umeme: volti ni 100 nchi nzima, lakini Tokyo na Sapporo hutumia hezi 50 (mapigo ya umeme kwa sekunde), Nagoya, Kyoto na Osaka 60. Mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo ya Ujerumani, Osaka ikanunua ya Marekani, na mpaka haujafutika. Saa ya zamani ya ukutani inayofuata mapigo ya umeme, ukiitoa Osaka ukaichomeka Tokyo, itachelewa dakika 10 kila saa. Anayehama na maikrowevu asome kibandiko cha nyuma kwanza: kiandikwe 50/60Hz.

Mkituma mzigo, andikeni msimbo wa posta wenye tarakimu 7, kisha jina la jengo na namba ya chumba. Wengi huacha chumba. Mpeleka barua anakuta ghorofa lenye visanduku vingi visivyo na majina, na mzigo unarudi. Mstari wa mwisho uwe JAPAN kwa herufi kubwa, maana posta ya huko ndiyo itakayousoma.

Ni mimi mwanenu.