Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliomsoma Seymour Hersh

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, na mambo ya uanachama yako kwa katibu. Mimi naomba nafasi hii niizungumzie kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: kuzipitia habari za Seymour Hersh, mwandishi wa habari wa Marekani, hasa zile zilizofichua mkono wa Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, katika siasa za nchi nyingine.

Wengi wetu tulimfahamu kwa My Lai, mauaji ya raia wa Vietnam yaliyofanywa na askari wa Marekani, aliyoyafichua mwaka 1969 na kumpatia Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Lakini kilichotukalisha vikaoni hadi usiku ni Chile.

Salvador Allende, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto, alishinda uchaguzi wa urais wa Chile mwaka 1970, akapinduliwa tarehe 11 Septemba 1973. Aprili 1974 mkuu wa CIA, William Colby, alitoa ushahidi wa faragha mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi. Mbunge wa Massachusetts, Michael Harrington, aliruhusiwa kusoma kumbukumbu za kikao hicho. Aliyoyasoma yalimkera, akayaweka katika barua kwa viongozi wenzake akitaka uchunguzi. Tarehe 8 Septemba 1974 Hersh aliyaanika yaliyomo katika barua hiyo kwenye gazeti la New York Times: zaidi ya dola milioni 8 ziliidhinishwa kati ya 1970 na 1973 kwa shughuli za siri za kumzuia Allende asiweze kutawala.

Angalieni habari hii ilivyoshikana. Kuna maneno ya mkuu wa shirika lenyewe, kuna kumbukumbu za kikao, kuna barua ya mbunge. Ndiyo maana Rais Gerald Ford alipoulizwa na waandishi mwezi huohuo hakukana. Alijitetea kwamba lengo lilikuwa kuvisaidia vyama na magazeti ya upinzani yasife. Mwaka 1975 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilieleza kwa urefu: gazeti la Chile la El Mercurio lilipokea fedha za CIA, na hata katika uchaguzi wa 1964 shirika hilo liligharamia zaidi ya nusu ya kampeni ya Eduardo Frei, mpinzani wa Allende. Sisi tunaoishi kwa kalamu hatuwezi kulisoma hilo la El Mercurio tukabaki na moyo mtulivu. Msomaji alinunua gazeti lake asubuhi bila kujua nani mwingine analilipia.

Jambo moja liliniuma. Chile ilichangia kupatikana kwa sheria ya Marekani ya Desemba 1974 iliyomtaka rais aidhinishe shughuli za siri na Bunge lijulishwe. Hata hivyo, kishindo kikubwa kilikuja baada ya habari ya Hersh ya tarehe 22 Desemba, iliyosema CIA ilikuwa ikiwapeleleza Wamarekani wenyewe. Kamati ya Church iliundwa mwezi uliofuata. Wachile walikuwa wamekwisha kuzika watu wao.

Kuhusu miaka yake ya baadaye tuligawanyika, na sioni haja ya kulificha. Habari zake za mwaka 2004 kuhusu Abu Ghraib, gereza la Iraq ambamo askari wa Marekani waliwatesa wafungwa, hakuna aliyezitilia shaka, kwani picha na ripoti ya jeshi lenyewe vilikuwapo. Ile ya 2023 iliyodai kwamba Marekani ndiyo iliyolipua Nord Stream, mabomba ya kupitisha gesi kutoka Urusi hadi Ujerumani, ilisimama juu ya mtu mmoja asiyetajwa jina, na Ikulu ya Marekani iliikana. Baadhi yenu mlisema mwandishi mwenye rekodi hiyo anastahili kuaminiwa. Mimi namheshimu sana, lakini rekodi ya mwandishi haiwezi kushika nafasi ya waraka. Chile ilisadikika kwa sababu ya karatasi, si kwa sababu ya jina la Hersh, na chanzo anayejificha kwa haki bado anaweza kutuonyesha mahali pa kuchimba.

Kwa hiyo kamati ya utendaji inaleta pendekezo mbele ya mkutano mkuu: habari yoyote ya uchunguzi itakayotoka kwa jina la chama iwe na waraka au shahidi wa pili, na mhariri mmoja wa chama amjue chanzo na awajibike kumlinda. Naomba mlijadili na mlipigie kura.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti