Shule Inapofurika: Barua ya Wazi kwa Wazazi, Walimu na Wajumbe wa Bodi

Ndugu wazazi, walimu na wajumbe wa bodi,

Salamu na heshima kwenu nyote. Ninawaandikia kama mzee aliyetumia umri wake wa kazi darasani, na ambaye bado anafuatilia mijadala yenu kuhusu shule ya sekondari ya umma inayohudumia vitongoji hivi, ambako nyumba mpya zinaota kwa kasi kuliko madarasa. Nimewasikia mkijadili mapaa, madawati, maabara na mipaka ya uandikishaji, nami sipuuzi hata moja kati ya hayo. Lakini sijamsikia mtu akiuliza mwanafunzi mkimya, asiye na alama za kujivunia wala utundu wa kumfikisha ofisini, atajulikana na nani shule itakapofikisha wanafunzi elfu mbili.

Swali hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1964, wanasaikolojia Roger Barker na Paul Gump walichapisha utafiti wao wa shule za sekondari 13 za jimbo la Kansas, Marekani, ambazo ndogo kabisa ilikuwa na wanafunzi 35 na kubwa kabisa ilikuwa na 2,287. Shule kubwa zilikuwa na shughuli nyingi zaidi kwa hesabu ya jumla, lakini nafasi za kushiriki hazikuongezeka sawia na idadi ya wanafunzi, kwa hiyo katika shule ndogo mwanafunzi wa kawaida alipata mara nyingi zaidi kuigiza, kucheza, kupanga na kuongoza, ilhali mwenzake wa shule kubwa alibaki mtazamaji. Jambo lililonigusa zaidi ni habari ya wanafunzi dhaifu. Katika shule ndogo nao waliona kwamba wanahitajika na kwamba wakikosekana kazi itaharibika, lakini katika shule kubwa walikuwa wachache mno waliohisi hivyo. Sababu yake ni rahisi kuiona, kwa maana timu ya mpira ina wachezaji kumi na mmoja shule ikiwa na watoto mia mbili, na ina kumi na mmoja vilevile ikiwa na elfu mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mnapoongeza madarasa muongeze pia nafasi za watoto kushika jambo. Anzisheni kwaya ya pili na ya tatu, vikundi kadhaa vya mdahalo, timu za wasiochaguliwa kwenye timu kuu, na magazeti ya ukutani yanayoandikwa na kila mkondo. Igaweni shule katika nyumba, yaani vikundi vya wanafunzi mia mbili au mia tatu ndani ya shule ileile, kila nyumba ikiwa na walimu wake wasiobadilishwa ovyo, na mwalimu mlezi awe na kundi lilelile tangu mwaka wa kwanza hadi wa kuhitimu. Najua walimu mtasema kwamba mzigo wenu tayari ni mzito, na mnasema kweli. Ndiyo maana ninaiomba bodi iuhesabu ulezi kuwa vipindi vya kazi ndani ya ratiba, kwa sababu ulezi unaotegemea moyo mwema peke yake hufa mwalimu anapochoka.

Nimesikia pia pendekezo la zamu mbili, moja ikianza alfajiri. Tafadhalini msilikubali kwa haraka. Mwili wa kijana aliyebalehe huchelewa kupata usingizi usiku, na anahitaji usingizi wa muda wa saa nane hadi kumi kila siku. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, na jimbo la California likaweka sheria ya jambo hilo kwa shule za sekondari, ikaanza kutumika mwaka 2022. Zamu ikiwa haiepukiki, iwekewe tarehe ya kukoma, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Kuhusu mipaka ya uandikishaji, ninawaambia wazazi wenyeji bila kuwaficha kwamba nimesikitishwa na maneno niliyoyasikia juu ya familia zilizohamia karibuni. Shule ya umma ni ya mtoto anayeishi katika eneo lake, awe amezaliwa hapo au amewasili juzi. Mpaka ukilazimika kusogezwa, usisogezwe ili kuwatenga wenye kipato kidogo, na kijana aliyebakiza mwaka mmoja kuhitimu asihamishwe.

Katika ujenzi, kumbukeni kwamba kitongoji huzeeka pamoja na waliokijenga. Marekani ilijenga shule nyingi kwa ajili ya watoto waliozaliwa kati ya 1946 na 1964, lakini wanafunzi wa shule zake za umma, waliofikia milioni 46 hivi mwaka 1971, walishuka hadi milioni 39 hivi mwaka 1984, na majengo mengi yakafungwa au kuuzwa. Jengeni vyumba vinavyoweza kubadilishwa matumizi, na kabla ya kibali cha nyumba mpya kutolewa, dai la kiwanja cha shule liwe limekwisha kuwasilishwa kwa wapangaji wa mji, kwa maana ardhi ikishauzwa hairudi.

Mwisho nina ombi moja kabla hamjapiga kura ya bajeti. Bandikeni majina ya wanafunzi wote katika chumba cha walimu, na kila mwalimu atie alama mbele ya jina la mtoto ambaye anajua walau jambo moja la maisha yake nje ya alama za mtihani. Majina yatakayobaki bila alama yagawanywe kwa walimu siku hiyohiyo, na orodha hiyo ifikishwe mbele ya bodi pamoja na michoro ya majengo.

Wenu,
Mzee na mwalimu mstaafu