Kabla ya Kuuliza Nguvu, Tazama Kifaa Kinavyoshika

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu Ilala kutafuta vifaa vya kazi za gari na nyumba huanza kwa kuuliza nguvu: drili ina wati ngapi, betri ni ya volti ngapi, grenda inakata chuma cha unene gani. Ni maswali ya haki. Hata hivyo, nati tunazoletewa zikiwa zimelika pembe na skrubu zilizochimbika kichwani huwa zimeharibiwa, mara nyingi, na kifaa ambacho hakikukaa sawasawa mahali pake. Ndiyo maana tunapendelea mteja aanze na vifaa vya mkono, tena vichache na vizuri.

Magari mengi ya jijini yametoka Japani na nati zake ni za milimita. Kwa Toyota, boksi, yaani vichwa vya spana vinavyovalishwa juu ya nati, za 10, 12, 14, 17 na 19 hufanya sehemu kubwa ya kazi, na ya 21 hufungua nati za magurudumu. Boksi hizo sita za chuma imara zina faida kuliko sanduku la vipande zaidi ya mia ambalo nusu yake ni vipimo vya inchi usivyovihitaji. Chagua boksi zenye pembe sita ndani. Zile za pembe kumi na mbili huingia kwa urahisi, lakini hubana karibu na pembe za nati badala ya ubavu wake, na nati iliyoshika kutu, jambo ambalo wakazi wa Kigamboni na wengine wanaopigwa na upepo wa bahari wanalifahamu vizuri, huviringika pembe kabla haijalegea.

Bisibisi nayo ina siri yake. Skrubu nyingi za msalaba kwenye magari na pikipiki za Kijapani zimetengenezwa kwa kiwango cha Japani kiitwacho JIS, ambacho kwa macho hakitofautiani na Phillips, ule msalaba wa kawaida wa bisibisi nyingi, ilhali ncha ya Phillips haifiki chini kabisa ya msalaba huo. Ukikaza mkono, inaruka juu na kula kichwa cha skrubu. Skrubu za JIS mara nyingi huwa na kidoti kidogo kichwani. Kwa kuwa bisibisi ya JIS hufanya kazi vizuri pia kwenye skrubu za Phillips, anayenunua moja tu anunue hiyo.

Kifaa tunachokipenda kuliko vyote, na ambacho huulizwa mara chache, ni toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Kwa magari mengi madogo ya Toyota, nati za gurudumu hukazwa kwa nyutoni mita 103, ingawa kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Anayekaza kwa kuongezea bomba kwenye mpini wa spana huvuta stadi, zile bolti ambazo nati za gurudumu hufungwa juu yake, hadi zinachoka, na akikaza bila uwiano anaweza kupindisha diski ya breki, halafu mwenye gari akaanza kulalamikia usukani unaotetemeka kila akifunga breki. Toki renchi isitumike kufungulia nati, na baada ya kazi irudishwe kwenye kipimo chake cha chini kabisa ili springi yake ipumzike. Jeki ni ya kuinulia gari tu. Anayeingia chini ya gari aweke stendi kwanza.

Nyumbani, swali la kwanza ni ukuta wenyewe. Tofali za saruji na mchanga hutobolewa bila shida na drili ya kawaida yenye mpigo, ikiwa na biti ya ncha ya kabaidi, na kama tofali ni laini ni heri uzime mpigo ili tundu lisipanuke na fisha, ile plagi ya plastiki inayoshika skrubu ukutani, ikazunguka bure. Ukifika kwenye nguzo au linta ya zege, drili hiyo hiyo itapiga kelele na kuunguza biti bila kusonga. Hapo inahitajika drili ya nyundo yenye mdomo wa SDS-plus, aina ya mshiko wa biti zenye mifereji shinani, ambayo pistoni yake huigonga biti kwa msukumo wa hewa. Kuhusu betri, iliyoandikwa volti 18 na iliyoandikwa volti 20 Max kwa kawaida zina seli tano zile zile za lithiamu zilizofuatana, kwa hiyo usiongeze hela kwa ajili ya namba hiyo.

Grenda tunaiuza kwa tahadhari. Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, wakati diski ya milimita 230 kwa kawaida haikuundwa kupita takriban 6,600. Anayeondoa kinga ili afunge diski kubwa kwenye grenda ndogo anaweka mbele ya uso wake kitu kinachoweza kupasuka wakati wowote. Soma kasi iliyoandikwa kwenye diski, tazama na tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye pete yake ya katikati, na usiwashe bila miwani.

Ukija dukani, njoo na nati, skrubu au picha ya ukuta unaotaka kuutoboa. Tutajaribu boksi na bisibisi juu ya kaunta mbele yako, na kama kifaa ulichonacho nyumbani kinatosha, tutakueleza hivyo.