Shukrani kwa dada wa rangi

Dada, jina lako sikulishika, na pengine hutayasoma haya, lakini asante. Wewe ndiye uliyeendesha vipindi vya kuchora kwa sisi tuliokuwa kwenye matibabu ya saratani.

Dawa zilikuwa zimenitia ganzi vidoleni, penseli ikawa inaniponyoka. Hukunisemesha sana. Ulizungushia sponji mpini wa brashi hadi ukanenepa, ukalowesha karatasi, ukaniambia nidondoshe rangi tu. Bluu ikatambaa yenyewe, ikakutana na manjano, pakazuka kijani ambacho sikukipanga. Kwa mtu ambaye kila kitu mwilini mwake kinaamuliwa na wengine, kuchagua rangi si jambo dogo.

Nakushukuru zaidi kwa usichokifanya. Nilipojaza ukurasa mzima kwa nyeusi, hukusema nina huzuni. (Wapo wanaodai nyekundu ni hasira na nyeusi ni kifo, mimi siwaamini.) Uliuliza tu: "Hii nyeusi inafanya nini hapa?" Nikajikuta naeleza jinsi usiku unavyonitesa kwa kukosa usingizi, jambo ambalo hata daktari sikuwa nimemwambia.

Ulitusimulia pia habari za Henri Matisse, mchoraji maarufu wa Ufaransa, kwamba baada ya upasuaji wa mwaka 1941 aliendelea na kazi kwa kukata maumbo kwenye karatasi zilizopakwa rangi. Mzee mmoja akadai mkasi papo hapo!

Popote ulipo, Mungu akuzidishie. Na kama bado unaendesha vipindi, waombe wakuongezee nyeupe, maana ile ilikuwa haikawii kuisha.